Joto la Kaskazi: Usisubiri Mzee Aombe Maji

Kuanzia Desemba hadi Machi, msimu wa upepo wa kaskazi, joto la Dar es Salaam ni la kuogopa ukiwa na mzee nyumbani. Hewa ina unyevu, jasho halikauki, na nyumba ya bati isiyo na dari hufuka joto mpaka saa nne usiku. Umeme ukikatika na feni ikasimama, ndiyo basi. Vijana tutalalamika kukuche; mzee anaweza kuishia wodini. Umri humpunguzia kiu na jasho, na wengi wenye presha wanameza dawa za kukojoza. Ukimuuliza, "Mama, una kiu?" atakwambia hapana, na ndivyo anavyojisikia kweli.

Mama yangu, ambaye naishi naye, simuulizi. Namshikisha kikombe, nakaa naye barazani tukipiga soga mpaka kiishe. Kidogo kidogo tangu asubuhi: maji, uji mwepesi, kipande cha tikiti.

Lakini kilichokuwa kinamzuia hasa ni choo. Kiko uani, usiku ni giza, sakafu inateleza, na mwenzake wa mtaani aliwahi kuanguka akavunjika nyonga. Basi akawa anajinyima maji tangu alasiri, kimya kimya, maana wazee wetu wanaona haya kulisema hilo mbele ya watoto. Tuliweka taa uani, tukamwekea ndoo yenye mfuniko chumbani. Tangu hapo kikombe hakirudi kimejaa. Kwa hiyo mzee wako akikataa maji, chunguza kwanza njia ya chooni.

Mwenye ugonjwa wa moyo au figo, muulizeni daktari kiasi cha maji kabla joto halijapamba moto. Dawa za presha msizikatishe wenyewe.

Na tafadhali, mzee akianza ghafla kuongea yasiyoeleweka, kuyumba, au mwili ukawa wa moto, msiseme ni uzee. Joto la mwili likifika nyuzi 40 ubongo unaweza kuumia. Mtoeni juani, mpunguzeni nguo, lowesheni khanga kwa maji mumfunike, mumpepee, mumwekee kitambaa chenye maji baridi shingoni, makwapani na kwenye kinena. Kama fahamu zimeyumba msimnyweshe kitu, kitampalia. Mmoja akimbilie bajaji, wengine waendelee kumlowesha na kumpepea hadi mlangoni pa hospitali.