Gari Lililokula Injini Zake Linatafutwa kwa Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma habari za gari la Kijerumani liitwalo NSU Ro 80, ambalo injini yake iliharibika mara kwa mara hadi kampuni iliyoliunda ikaelemewa. Nashangaa kusikia kwamba wakusanyaji wa magari ya kale hulitafuta, tena huliacha lile lililobadilishiwa injini na kulitaka lenye injini ileile korofi. Kuna mantiki gani hapo?

Mpenzi wa magari ya kale

JIBU: Ndugu msomaji, mantiki ipo, ila haiko pale ambapo fundi angeitafuta kwanza.

Ro 80 lilipozinduliwa mwaka 1967, magari mengi ya rika lake yalikuwa na umbo la sanduku. Hili, lililochorwa na Claus Luthe, lilikuwa na pua ya chini, vioo vipana na kisogo kilichoinuka, na asiyelijua akilikuta leo atalidhania ni la miaka ya 1980. Lilikuwa na breki za diski kwenye magurudumu yote manne, wala halikuwa na pedali ya klachi: dereva akigusa kirungu cha gia, swichi iliyofichwa humo huachia klachi, kwa hiyo aliyezoea kupumzisha mkono hapo alishtukia injini ikivuma bure. Lilitunukiwa tuzo ya Gari Bora la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 1968.

Balaa lilikuwa chini ya boneti. Badala ya pistoni zinazopanda na kushuka, injini iliyobuniwa na Felix Wankel ina rota ya pembe tatu inayozunguka ndani ya chumba chenye umbo la namba nane iliyonenepa kiunoni. Ro 80 lilikuwa na rota mbili na nguvu farasi 115, nalo lilikwenda kwa ulaini ambao injini za pistoni za ukubwa wake hazikuukaribia. Lakini kila pembe ya rota ina sili nyembamba inayosugua ukuta wa chumba muda wote ili mgandamizo usivuje, na sili za mwanzo zililika upesi, hasa katika magari ya safari fupifupi ambayo injini zake hazikupata moto sawasawa. Mgandamizo ukipotea, gari huwa gumu kuwaka, hutoa moshi na hunywa mafuta kupita kiasi.

NSU ilibadilisha injini nyingi kwa gharama yake yenyewe, mzigo ambao kampuni ndogo haikuuweza, na mwaka 1969 ikaunganishwa na kampuni ya magari ya Auto Union chini ya Volkswagen. Husimuliwa kwamba madereva wa Ro 80 walipopishana walionyeshana vidole, kila mmoja akihesabu injini alizokwisha kubadilisha. Waliochoka waliweka injini ya V4 ya Ford, yaani ya pistoni nne zilizopangwa kwa umbo la herufi V, ambayo ilikuwa fupi kiasi cha kuenea chini ya boneti. Sili ziliboreshwa baadaye, lakini sifa mbaya ilikuwa imekwisha kuenea, na bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 gari hili lenye kiu halikuwa na mtetezi. Uundaji ulikoma mwaka 1977, baada ya magari yapatayo 37,000.

Sasa nirudi kwenye swali lako. Gari lenye V4 huenda likawaka kila asubuhi bila kinyongo, lakini mtikisiko na kelele zake hufuta kile ambacho Ro 80 pekee lilikuwa nacho, na mkusanyaji hatafuti chombo cha kumfikisha kazini. Anayeliendesha mara chache kwa mwaka, kwa safari ndefu, tena kwa sili zilizoboreshwa, haumwi na ugonjwa uliomsumbua mnunuzi wa kwanza. Mimi binafsi ningelinunua la miaka ya mwisho, baada ya kuchunguza kutu. Ningeliendesha hadi lipate moto, nilizime, kisha niliwashe tena papo hapo: likigoma kuwaka likiwa na moto, yaelekea sili zimekwisha, na bei ijadiliwe upya.