Mbona mchanga wangu hautitii tena baada ya treni ya kwanza?

Mdogo wangu wa Tabora, umeuliza kwa nini mchanga chini ya tuta la reli, kwenye hesabu yako ya Mohr-Coulomb (modeli ya kukadiria ni mzigo gani unavunja udongo), unatitia treni ya kwanza inapopita kisha hautitii tena. Programu yako haina kosa. Modeli hiyo inachukulia kwamba mzigo usiofikia mpaka wa uvunjikaji hauachi alama: mchanga unabonyea, unarudi ulipokuwa. Mchanga halisi haurudi wote. Kila behewa likipita, punje zinajipanga upya kidogo, na kidogo hicho kinajumlika.

Hebu jaza mchanga mkavu kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa, chora mstari usawa wa juu, kisha gonga ubavuni taratibu. Mchanga utashuka haraka mwanzoni, halafu utazidi kusita. Ndiyo maana mshuko huchorwa dhidi ya logi (logarithimu) ya idadi ya mizunguko, yaani mara ambazo mzigo umepita.

Kwa mizunguko michache ningechukua SANISAND, modeli ya mchanga ya Dafalias na Manzari (2004), maana inafuatilia msongamano wa punje. Ikifika maelfu, usihesabu mzunguko mmoja mmoja. Makosa madogo yatarundikana. Tumia modeli ya mlimbikizo, inayojumlisha mshuko wa mizunguko mingi kwa pamoja, ya Niemunis, Wichtmann na Triantafyllidis (2005). Humo mshuko hukua takriban kwa mraba wa mgeuko (kiasi mchanga unavyobonyea) wa kila mzunguko, kwa hiyo uzito wa ekseli usiukisie hata kidogo.

Na tafadhali, usinakili vigezo (namba za kuingiza kwenye modeli) vya mchanga wa kwingine, kama Ujerumani. Chota wa hapo hapo Tabora, upeleke maabara wakupimie ukubwa wa punje na msongamano wa juu na wa chini kabisa.