Fundi, viatu vya breki vya nyuma naweza kubadili mwenyewe nyumbani?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Toyota Probox ninayobebea vitunguu na viazi kutoka Iringa. Siku hizi nikikanyaga breki, nyuma kushoto kunakwaruza, chuma kwa chuma, na hendibreki naivuta mpaka juu kabisa ndipo ishike. Fundi wa mtaani kasema viatu vya breki vimekwisha, ila nibadili vya kushoto tu kwa sababu vya kulia bado vina nyama. Jeki ninayo, spana ninazo. Naweza kuifanya kazi hii mwenyewe? Na ninunue vipya au nikabandikishe nyama mpya kwenye vya zamani?
Msomaji, Kihonda, Morogoro

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kazi unaiweza. Huo ushauri wa upande mmoja uache huko huko ulikopewa. Viatu hubadilishwa kushoto na kulia kwa pamoja, la sivyo tairi moja litashika kabla ya jingine, na siku ya mvua ukikanyaga ghafla ukiwa na magunia nyuma, mkia wa gari utakwenda unakotaka wenyewe.

Kinachonitia wasiwasi ni jeki kuliko viatu. Dramu, lile bakuli la chuma linalofunika viatu, haitoki hendibreki ikiwa imevutwa, kwa hiyo lazima uishushe, na wakati huo huo nyuma umeinua. Gari linabaki kushikiliwa na matairi ya mbele tu. Basi tia gia, au P kama ni otomatiki, na weka mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi yote mawili ya mbele. Nati za tairi, zile za spana namba 21, zilegeze tairi likiwa bado chini. Kama uwanja wako ni wa udongo, jeki ikae juu ya ubao mnene, kisha gari lipumzike juu ya stendi za chuma. Tofali la simenti usiliamini, linapasuka bila kuaga. Kama stendi huna, azima kwa jirani au usianze.

Dramu ikigoma, usiipige nyundo kwa hasira. Tazama usoni mwake, kuna vitundu viwili vyenye nyuzi. Chukua bolti mbili za milimita 8, zile zinazofunguliwa kwa spana namba 12, uzikaze kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule. Itajisukuma nje. Ikisogea kidogo kisha ikanasa, viatu vimeuma ukingo uliobaki kwenye dramu. Nyuma ya bamba la breki, lile linaloshikilia viatu, kuna kitundu chenye kizibo cha mpira. Pitisha bisibisi mbili, moja isukume kile kijiti cha adjasta, yaani kirekebisha nafasi ya viatu, nyingine irudishe nyuma gurudumu la meno mpaka viatu vilegee.

Vumbi utakalolikuta usilipulize, kwa mdomo wala kwa kompresa. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, ufute kwa kitambaa cha kutupa.

Sasa fungua upande mmoja tu, mwingine uuache umefungwa. Huo ndio mwalimu wako pale utakaposahau springi ipi ilikaa wapi, na utasahau. Piga na picha kwa simu. Vile vikombe viwili vinavyobana viatu kwenye bamba unavibonyeza kwa plaizi huku kidole kikizuia pini kwa nyuma, unazungusha robo, vinaachia. Springi za kurudishia zina nguvu. Vaa miwani, na usiinamishe uso juu yake. Adjasta ya kushoto usiichanganye na ya kulia, nyuzi zake zimekatwa kinyume.

Wengi wanaojifanyia nyumbani wanakwama kwenye mkono wa hendibreki. Kile kipande cha chuma kinachoshika kebo kimefungwa kwenye kiatu cha nyuma kwa kipini na kiwasha, yaani kipete cha chuma, chenye umbo la kwato. Viatu vya dukani kwa kawaida huja bila hicho kipande, na mtu akishatupa vya zamani ndipo anagundua. Kipanue kiwasha kwa bisibisi, hamisha mkono, kisha ukibane tena kwa plaizi mpaka kisitoke kwa kuvutwa. Kiwasha kipya ni bora. Mkono lazima ucheze kwa ulaini. Ukiwa mgumu, hendibreki haitarudi na tairi litachemka.

Kabla ya kurudisha, nyanyua kidogo mipira ya silinda ya breki, ile ndogo iliyo juu kati ya viatu. Kukiwa na unyevu ndani, silinda inavuja, na viatu vipya vitalowa oili na kuharibika. Hiyo itengenezwe kwanza, na kutoa upepo kwenye breki mwachie fundi kama hujawahi. Dramu ikiwa nje, mtu yeyote asikanyage pedali, maana pistoni za silinda zitachomoka. Watoto nao wasikae kwenye kiti cha dereva.

Paka grisi ya joto kali, kiasi cha ncha ya kidole, pale tu viatu vinaposugua bamba. Ikigusa utambi wa kiatu, ile nyama inayosugua dramu, umeshauharibu.

Dramu ya kushoto, kwa mkwaruzo unaonieleza, huenda imechimbika. Imeandikwa kipenyo cha mwisho inachoruhusiwa kufika. Za milimita 200, kwa mfano, nyingi huandikwa 201. Mpelekee mwenye mashine ya kukereza aipime. Ikishavuka hapo, nunua nyingine.

Kuhusu kubandikisha, kwa malori ni kazi ya kila siku na wapo wanaoijua. Kwa gari dogo mimi nasema nunua vipya. Chuma cha zamani kikiwa na kutu, gundi haishiki sawasawa, na utambi ukibanduka ndani ya dramu unaweza kulifunga tairi njiani. Nenda dukani na kiatu cha zamani mkononi, ulinganishe upana na matundu kabla ya kulipa.

Hendibreki yako kupanda kunatokana na viatu kuisha. Kama kuna mtu alishakaza kebo kuficha tatizo, ilegeze kwanza, la sivyo dramu haitaingia. Zungusha adjasta mpaka dramu iguse kidogo inapozunguka, kisha kanyaga pedali mara kadhaa kabla ya kusogeza gari. Kwenye Toyota ndogo nyingi hendibreki hushika kati ya meno 6 na 9, na kebo irekebishwe baada ya viatu, si kabla.

Nati zikaze kwa kuvuka, ukimaliza moja uende ya mkabala, niutoni-mita 103 kama una spana ya kupimia. Kama huna, nguvu ya mikono kwenye spana ya kawaida, usiongeze bomba. Siku za kwanza zunguka mjini ukisimama polepole ili viatu vikae na dramu, na mlima Kitonga usishuke na mzigo. Baada ya safari fupi weka mkono karibu na kila rimu ya nyuma. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, rudisha adjasta ya upande huo meno mawili matatu, ujaribu tena.