Kabla hujalipa, soma herufi tatu za uwanja

Ndugu, kama hujatuma hela, simama hapo hapo. Unauliza Kisumu hadi Ukunda, kule pwani ya kusini, ni kilomita ngapi, ndege huchukua muda gani na mzigo unaruhusiwa kilo ngapi. Halafu unataja kwa kupitia tu kwamba ndege ya kwanza inatua JKIA, uwanja wa Jomo Kenyatta hapo Nairobi, saa tatu asubuhi, na ya pili inaruka Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi, saa tano kasorobo. Hapo ndipo nilipoumia mimi.

Kilomita si tatizo. Kisumu hadi Nairobi ni kama 280 za angani, Nairobi hadi Ukunda kama 450. Dakika hamsini, kisha saa moja na kidogo. Wakala wangu wa tiketi alinipigia hesabu hiyo hiyo. Nilimuuliza mara mbili kuhusu kubadilisha uwanja, akanijibu, "Nairobi ni Nairobi, teksi ni dakika ishirini." Labda saa tisa usiku, barabara ikiwa ya mbwa na walinzi! Alishachukua kamisheni yake, atajali nini?

Mama yangu mdogo alikuwa amefariki usiku, na maziko Ukunda ni baada ya Adhuhuri. Nilisafiri na mama. Tulitua kwa wakati, lakini mkanda wa mizigo ulizunguka mtupu karibu nusu saa. Nje mvua. JKIA na Wilson, ukipima kwa rula kwenye ramani, hazifiki kilomita 13. Tulikaa Mombasa Road na Langata Road saa moja na dakika arobaini. Karibu na Bellevue mama alitoa tasbihi, akaacha kuzungumza. Mimi nilikuwa natazama saa ya kwenye dashibodi, kila dakika.

Kaunta ilikuwa imefungwa. Ndege tuliiona kwa dirisha, bado imesimama, mlango umeshafungwa. Na kwa kuwa zilikuwa tiketi mbili za kampuni mbili tofauti, hakuna aliyewajibika: kila mmoja alisema ndege yake haikuchelewa. Nikanunua nyingine mbili za alasiri, kwa bei ya siku hiyo hiyo. Tulipofika Ukunda, kaburi lilikuwa limeshamwagiwa maji. Mama aliinama akashika ule udongo wa mdogo wake. Hakuniuliza kitu, na mpaka leo hajaniuliza.

Kwa hiyo usianze na kilomita. Soma herufi tatu kwenye tiketi. JKIA ni NBO, Wilson ni WIL. Ukishuka NBO na kupandia WIL, acha saa nne katikati, au usinunue. Afadhali uunganishe JKIA hadi Mombasa kwa tiketi moja, kisha uteremke Ukunda kwa gari kupitia kivuko cha Likoni au barabara ya Dongo Kundu. Mpigie wakala wako sasa hivi, na akikwambia dakika ishirini, mwambie aje akupeleke yeye mwenyewe.