Maswali ya Wasomaji: Kopo lililochelewa njiani

SWALI: Nipo maabara, Mbarara. Tunapima asetati, propionati na butirati, yaani asidi ambazo bakteria wa tumboni hutengeneza wakichachua chakula, katika kinyesi kinacholetwa kutoka vijijini. Kopo moja tukilipima mara mbili majibu hayalingani, na asetati huwa juu mno. Fundi amekagua mashine, hakuona kasoro. Tunakosea wapi?

JIBU: Iacheni mashine kwanza. Bakteria hawana habari kwamba wameshatoka tumboni. Wanaendelea kuchachua mabaki ya chakula ndani ya kopo, na boda boda ikikawia juani asidi zinazidi kupanda. Kopo liingie kwenye kasha la barafu papo hapo, kisha friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri inafaa kwa muda mfupi tu. Umeme ukikatika sampuli ikayeyuka na kuganda upya, iandikeni daftarini.

Kijiji kikiwa mbali, tayarisheni neli zenye mililita 5 za asidi ya fosforiki ya asilimia 0.5, kila moja imepimwa uzito na kuandikwa namba. Huko mtu atie kipande cha kama nusu gramu, ukubwa wa punje ya haragwe, afunge, atikise. Neli ikirudi ipimwe tena: uzito uliozidi ndio wa kinyesi. Asidi hiyo huwapooza bakteria.

Majibu kutolingana ni kwa sababu kinyesi hakifanani mwanzo hadi mwisho. Kandeni choo kizima ndani ya mfuko mzito wa plastiki kabla ya kuchota. Maji nayo hudanganya, maana choo chepesi na kigumu havilinganishwi kwa gramu mbichi. Kausheni fungu la pili la kinyesi hicho kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike, mpate kukokotoa kwa gramu kavu. Lakini msipime asidi kwenye fungu hilo lililokaushwa. Hizi ni asidi zinazoruka na mvuke.

Kuhusu asetati, pitisheni neli isiyo na kinyesi katika hatua zote. Ikitoa asetati, mchawi yumo humo humo maabara: etili asetati, kimiminika mnachovutia asidi kutoka kwenye sampuli, huweza kuja na asidi ya siki (ndiyo hiyo asetati) ndani yake, chupa ya siki ya kupakia rangi slaidi huachwa wazi, na mashine hubakiza masalia ya sampuli iliyotangulia. Asidi ya kulinganishia, ile inayotiwa kwa kiasi kinachojulikana, mathalani 4-metilivaleriki, wengi huitia mwishoni. Itieni mwanzoni, ili kinachopotea njiani kionekane.

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa Jinja. Je, nilipie kipimo hiki cha asidi za kinyesini nijue kama tumbo langu lina afya?

JIBU: Hapana, ndugu, okoa shilingi zako. Takriban asilimia 95 ya asidi hizi hunyonywa na utumbo mpana; kinachotoka ni makombo. Anayeharisha aweza kuonekana tajiri wa asidi kwa kuwa tu utumbo haukupata muda wa kuzinyonya. Kipimo hiki kina maana kwa watafiti wanaolinganisha watu wengi. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, alipochunguza habari za nyuzinyuzi za chakula alitazama uzito wa choo na muda wa chakula kupita tumboni. Wewe ongeza maharage na kalo (ugali wa wimbi), unywe maji. Ukiona damu chooni, nenda hospitali.