Kabla Hujapeleka Bahasha, Jua Mwajiri Ni Nani

Wiki mbili zilizopita, baada ya alasiri, mpwa wangu alinikuta nimekaa barazani hapa Langoni, mjini Lamu. Mkononi ana bahasha ya kaki iliyojaa vyeti mpaka imechanika pembeni.

"Shikamoo mjomba. Natoka kwa chifu. Nimemwachia barua ya kuomba ile kazi ya ualimu wa chekechea."

"Kakwambiaje?"

"Kasema ataona la kufanya."

Nikacheka, kisha nikaona haya kwa kucheka. Chifu hana ubaya wowote, ila mlango huo si wake. Chifu, naibu wake na kamishna wa kaunti ni watumishi wa serikali ya kitaifa, chini ya wizara ya usalama wa ndani. Mwalimu wa chekechea huajiriwa na kaunti, na kazi za kaunti hupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Watu hawa hupanda boti moja kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, na husali msikiti mmoja, lakini mishahara yao haitoki mfuko mmoja.

Kumlaumu kijana siwezi. Wazee wetu bado humwita kamishna "disii", yaani DC, mkuu wa wilaya, kwa sababu enzi Lamu ilipokuwa wilaya ya Mkoa wa Pwani, disii ndiye aliyekuwa serikali, basi. Ukiwa na shida yoyote, unaelekezwa kwake. Katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 serikali zikawa mbili katika mji usiopita gari. Vichwa vyetu bado vinavuka.

Na mimi, niliyekaa masijala miaka nikipanga mafaili ya wenzangu, nilipotea njia hiyohiyo, tena kwa hasara.

Mwaka 2016 nilikuwa karani katika kaunti moja ambayo siitaji, katika idara ya afya. Niliajiriwa na serikali kuu zamani, kisha huduma za afya zilipogatuliwa nikahamishwa pamoja na meza yangu. Mgongo ukanishika, daktari akanipa mapumziko. Ile karatasi ya daktari haikuingia kwenye faili langu. (Ndiyo, faili la karani wa mafaili.) Mapumziko yakiingia mwezi wa pili, nikaletewa barua kwamba nimetoroka kazini na nimeachishwa.

Nilikwenda wapi? Kwa kamishna. Alinisikiliza kwa heshima, akaniambia jambo hilo haliko mikononi mwake. Nikaenda kwa mheshimiwa mbunge, nikapewa soda na ahadi. Mwisho nikapanda basi la usiku hadi Nairobi, kwenye wizara iliyoniajiri mwanzo. Karani mmoja wa makamo akanitafuta kwenye daftari, akavua miwani. "Mzee, faili lako liliondoka hapa 2013."

Kufikia hapo karibu miezi minne imekwisha, na nyumbani tunaishi kwa daftari la deni dukani.

Laiti ningeijua Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Kifungu cha 77 kinasema mtumishi wa kaunti asiyeridhika na uamuzi wa nidhamu anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa maandishi, ndani ya siku 90 tangu uamuzi utolewe. Tume inaweza kupokea rufaa iliyochelewa ikiona sababu ni ya haki, na hapo ndipo nilipookokea: nilikuwa na karatasi za hospitali zenye tarehe. Nilirudishwa kazini. Lakini usitegemee bahati yangu. Ukipokea barua ya namna hiyo, siku hiyohiyo andika tarehe juu yake kwa kalamu, kisha hesabu 90 kuanzia tarehe ya uamuzi kwenye kalenda ya ukutani.

Ambatanisha pia Kifungu cha 236 cha Katiba. Kinakataza mtumishi wa umma kuonewa kwa kutekeleza kazi yake kisheria, au kufukuzwa, kushushwa cheo ama kuadhibiwa bila utaratibu wa haki. Hakuna kilichonishangaza kama kugundua kwamba maneno hayo yalikuwepo siku zote nilipokuwa nikinywa soda ya mheshimiwa.

Sasa, milango yenyewe. Tume ya Utumishi wa Umma ina wajumbe tisa, mwenyekiti na makamu wake wakiwemo. Kila mmoja hukaa miaka sita tu, na haongezewi. Hiyo ndiyo huajiri kwa wizara na idara za kitaifa, ingawa inaweza kukasimu mamlaka yake kwa maandishi. Ndiyo maana utaona tangazo la kazi limetoka wizarani wala si kwa Tume, na bado ni halali. Walimu wa msingi na sekondari wana tume yao, TSC. Polisi wana yao, mahakama ina yake, bunge lina yake. Mishahara ni habari nyingine: Tume ya Mishahara na Marupurupu huwapangia maafisa wa dola, kama magavana na wabunge, na kwa watumishi wengine hutoa ushauri. Kwa hiyo usimgombeze mkuu wako kwa pesilipi ndogo. Huenda naye analia chumbani.

Bodi ya kaunti nayo huteuliwa na gavana, bunge la kaunti likiidhinisha. Nasikia mnavyoguna. Nami huguna. Lakini bodi ina sheria juu yake: katika nafasi za kuanzia kazi, inapaswa kuzingatia kwamba angalau asilimia 30 ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti hiyo. Kwa kaunti yenye Waamu, Wabajuni, Waboni, Waorma, na ndugu zetu wa Mpeketoni na Witu, hilo ni jambo la kuulizia kwa adabu, na kwa maandishi.

Akikuambia mtu utoe "chai" ili jina lipite, nafasi za umma haziuzwi. Mwache anywe chai yake.

Vyeti vya usafi, yaani vya polisi, kodi, mkopo wa elimu na vinginevyo, usikimbilie kuvilipia kabla hujaitwa. Sheria ya Ajira ilirekebishwa 2022 ili mwajiri aviombe pale tu anapokusudia kukupa mkataba.

Na tafadhali, toa nakala mbili za kila barua. Moja unaiacha masijala, nyingine unasimama pale mpaka igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, hata karani akununie. Nimekaa upande ule wa dirisha: barua isiyo na mhuri ikipotea, hakuna aliyeipokea. Ukirudi kwa boti iweke kwenye mfuko wa plastiki. Barua yangu ya kwanza ya uteuzi ililowa maji ya chumvi njiani kutoka Mokowe, na hadi leo tarehe yake inasomeka kwa kuinuliwa juani.

Kwa walioingia serikali kuu karibuni: tangu Januari 2021 kuna mpango mpya wa pensheni. Wewe unakatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, serikali inaongeza 15. Andikisha warithi wako mapema.

Mpwa wangu alirudi kwa chifu akaomba bahasha yake. Ilikuwa bado juu ya kabati, haijafunguliwa. Tukaipeleka kwa bodi siku mbili kabla ya muda kufungwa, tukagongewa mhuri. Jumanne anaitwa usaili. Nimemwambia avuke na boti ya alfajiri, maana upepo wa mchana humlowesha mtu suruali kabla hajafika gatini.