Kitambaa cha China, soko la Marekani: barua ya muuzaji inatosha?

Swali: Kiwanda chetu kiko Athi River. Tunanunua kitambaa Keqiao, China, tunashona suruali na kuzipeleka Marekani. Mnunuzi anataka tuthibitishe kuwa pamba haikutoka Xinjiang, eneo la magharibi mwa China linaloshutumiwa kwa kazi ya shuruti. Muuzaji wetu ametuma barua yenye muhuri kwamba hatumii kazi ya shuruti. Inatosha? Na nikizidi kumbana, sitampoteza?

Jibu: Dada, haitoshi. Kwa sheria ya Marekani iliyoanza kutumika Juni 21, 2022, bidhaa yenye pamba ya Xinjiang, hata kidogo, huhesabiwa imetokana na kazi ya shuruti mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kushonwa Kenya hakuiokoi. Kanuni ya AGOA, mpango wa Marekani wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, iliyoruhusu kitambaa cha nje ilihusu ushuru tu, na wengi hapo huchanganya mambo mawili.

Zaidi ya asilimia 80 ya pamba ya China hulimwa Xinjiang, kwa hiyo kitambaa chako kinashukiwa kabla hakijafunguliwa. Kontena likizuiwa, mnunuzi ana siku 30 za kujibu. Atatakiwa kuonyesha marobota ya pamba yalitoka wapi, nani alichambua pamba, nani alisokota uzi, nani alifuma. Kila hatua na ankara yake, malipo yake na hati za usafirishaji, namba za bechi zikifuatana mpaka kwenye suruali. Tena kilo zikubaliane. Aliyenunua tani 10 za pamba ya Brazil hawezi kukuuzia tani 30 za uzi wa pamba hiyo. Mafaili mengi huangukia hapo. Forodha wa Marekani pia wanaweza kupima isotopu, yaani aina za atomu zinazotofautiana kidogo kwa uzito, maana pamba hubeba alama ya mahali ilipoota.

Kuhusu muuzaji wako, elewa hofu yake. Machi 2021 bidhaa za kampuni ya mavazi ya Uswidi, H&M, ziliondolewa kwenye maduka makubwa ya mtandaoni ya China kwa sababu ya tamko lake kuhusu Xinjiang. Juni mwaka huohuo nchi hiyo ikapitisha sheria ya kupinga vikwazo vya nje. Ukimtaka asaini kwamba Xinjiang kuna dhuluma, unamtia matatani. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema Agosti 2022 kwamba waliyofanyiwa huko Wauighuri na Waislamu wengine huenda yakawa uhalifu dhidi ya ubinadamu, Beijing inakanusha. Mimi msimamo wangu ninao, lakini saini ya mfanyabiashara wa Keqiao haiuongezei kitu.

Weka sharti kwenye oda: pamba ya Brazil au Australia, jina la kiwanda kilichosokota uzi, hati za kila bechi kabla ya malipo ya mwisho. Iwe sifa ya bidhaa, kama uzito na rangi. Bei itapanda kidogo. Majina ya viwanda hivyo yalinganishe na orodha ya kampuni zilizozuiwa na Marekani, kwani baadhi ziko nje ya Xinjiang.

Akiuliza sababu, usimfiche: hununui jasho la watu waliolazimishwa. Naye akikuuliza mafundi wako wa Athi River wanalipwaje, uwe na jibu.

Kwa mzigo ulio mkononi sasa, anza na ankara ya uzi. Akishindwa kuitoa, kitambaa hicho kishonee soko la nyumbani au kirudishe. Kisiingie kwenye oda ya Marekani.